Mto Umemzuia Mama

Kyuso, Jumamosi, Novemba 1997

Mvua tangu alfajiri. Redio inaiita Elinino, kana kwamba mgeni huyu anastahili jina. Nimelowa, nimechoka, na nina hasira ambayo sijui nimtupie nani.

Leo tulikuwa tumzike mama. Kaburi lilichimbwa jana kando ya la baba. Wageni walilala hapa, na pasta alikuja kwa miguu kwenye matope. Aliyebaki kufika ni mama mwenyewe. Kaka yangu Musyoka alimchukua mochari ya Mwingi asubuhi kwa pikapu ya kukodi, akafika mtoni akakuta drifti haipo.

Haipo kabisa. Ile sakafu ya saruji tuliyokuwa tukivukia imekatika katikati, kipande kizima kimekwenda na maji.

Tuliijenga wenyewe, sisi kina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi. Mawe tuliyabeba mgongoni, kamba ikitukata vipaji vya uso, na mama ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Saruji hatukuwa nayo. Basi tukapatana na wenye malori ya mchanga: watuletee saruji, nasi tuwaachie mchanga wa mto. Tukawaonyesha na pa kuchota, hapo hapo kando ya drifti, ili malori yasitukanyagie mashamba. Tulijiona wajanja kweli! Walichota na kuchota mpaka drifti ikabaki imekalia shimo. Mto ulikuwa mkavu, nani angejali?

Majuto ni mjukuu.

Tulisimama ng'ambo hii tukiliona jeneza ndani ya pikapu, limefunikwa turubali. Jirani yangu Syombua akasema polepole, "Si ni sisi tuliwaonyesha pahali pa kuchota." Musyoka akapiga kelele kushinda mto: "Dada, rudini nyumbani! Hii maji haipungui leo! Tutajaribu kesho!"

Pikapu ikageuka, ikarudi Mwingi na mama. Nililia mbele ya kanisa zima na sikuona haya.

Sasa nimekaa jikoni na nguo mbichi. Wanaume wamefunika kaburi kwa mabati, lakini maji yanaingia kwa chini. Nawaza kwamba mama atazikwa huko huko kwa watu asiowajua, na baba atabaki peke yake hapa. Siwezi kulitoa wazo hilo kichwani.

Kabla giza halijaingia, mawingu yalijikusanya tena. Pasta akaniuliza tuombe nini.

Nikamwambia tuombe mvua ikome.

Alinitazama sana. Tangu aje Kyuso, huyu mtu ameombea mvua tu, mwaka baada ya mwaka. Kisha akafumba macho akaomba, nasi sote tukasema amina, watu ambao ndengu zetu ndiyo kwanza zinachipua shambani.