Mashine ya Fundi Valentini Haijauzwa

Umetimia mwaka, mpendwa wetu Valentini Chilumba, tangu ulipotutoka na karakana yako hapa Mtanda ikanyamaza. Majirani waliokuwa wakilalamikia kelele zako walikuja kutuambia kwamba kimya kile kinawanyima usingizi. Ala! Si walikuwa wanataka kupumzika?

Tumelia, tena sana, na mkeo Consolata bado humimina kikombe cha pili cha chai asubuhi, kisha akabaki anakitazama. Lakini leo tunayo habari unayostahili kuijua, na wewe hukupenda kuambiwa mambo nusunusu.

Ulikuwa mtu wa kuokota. Msumari barabarani hukuweza kuupita. Mifuko ya suruali zako yote ilitobolewa na nati na boliti, na Consolata aliishona mpaka akatishia kukuwekea mifuko ya bati. Uliitengeneza cherehani ya jirani yetu Lusia, ukaitengeneza na pampu ya kisima cha msikitini, na ulipoulizwa bei ukasema, "Nipeni muhogo wa kuchemsha, mambo yaishe."

Tabia hiyo ulirudi nayo kutoka vitani. Ulikwenda Kagera kutengeneza magari ya jeshi, ukarudi mzima, ila kuna jambo lilikukaa moyoni. Ulisimulia kila mara jinsi lori zima lilivyolala porini kwa kukosa kijichuma cha ukubwa wa kidole, ambacho nchini hakuna aliyekitengeneza. Nyumbani nako ulikuta karakana ya serikali uliyoiacha imekauka, mashine zimesimama, vipuri hakuna. Tuliambiwa tufunge mikanda, na mikanda yenyewe madukani haipo. Wenzako wakakata tamaa. Wewe ukasema, "Nchi tumeipigania, sasa tuitengenezee mashine. Asiyejua kutengeneza nyundo ataazima mpaka ya kupigilia jeneza lake."

Halafu likaja soko huria, karakana ikafungwa. Badala ya kiinua mgongo ukapewa mashine ya kukerezea vyuma, nayo imekufa. Kiinua mgongo gani hicho, kinachotaka migongo ya vijana wanane kukiinua! Siku hiyo Consolata alinuna, hukupikiwa. Lakini uliifufua, na ndiyo iliyowasomesha watoto wako, Alex na Anjelina.

Unamkumbuka Bi Nasma, muuza mafuta wa Kilwa Masoko? Mashine yake ya kukamulia ufuta ilitoka ng'ambo inang'aa kama sahani ya harusi, ikavunjika, na kipuri chake hata Dar hakikupatikana. Akakufuata. "Fundi," alisema, "nataka mashine ambayo ikivunjika, aliyeitengeneza namjua anapokaa." Ulifurahi siku nzima, ukaanza kazi huku unapiga mluzi. Ulifika nusu, ukaugua.

Siku ya maziko mtani wako Bakary, Mmwera wa Kilangala, alifanya ya watani. "Mmakonde huyu mbishi," alisema kaburini, "hata kifo amekibishia wiki nzima! Leo panya wa Newala, kitoweo chake, watalala kwa amani." Tulicheka huku machozi yanatutoka. Kumbe hajamaliza. Aliingia karakanani, akafungua kile kishikio cha meno matatu kinachokibana chuma mashine ya kukerezea inapozunguka, akakifunga kwenye keria ya baiskeli yake.

"Nimekamata," akatangaza. "Watani tuna haki yetu. Naapa mbele ya kaburi hili, kishikio hiki sikiachii mpaka mashine ya Bi Nasma itoe mafuta."

Tukadhani mzaha wa msibani. Matanga yakaisha, na Alex akatuambia kwamba amempata mtu wa kuinunua mashine yako ya kukerezea. Usimkasirikie mwanao. "Mama," alisema, "mashine za nje zinashushwa bandarini kila siku. Nani atanunua ya Mtanda? Tuuze tungali na mnunuzi."  Kwa Consolata, kuiuza mashine ile kulikuwa ni kukuzika mara ya pili, na usiku alilia peke yake.

Mnunuzi akaja, akaizunguka mashine. "Kishikio kiko wapi? Bila hicho, hii ni skrepa." Alex akatoka mbio kwa Bakary.

"Shikamoo, Mzee Bakary. Nimefuata kile chuma."

"Marahaba. Mafuta yako wapi?"

"Mzee, utani si umekwisha na matanga?"

"Umekwisha kwa nani? Haya, nenda polisi kamshitaki mtani, uone watakavyokucheka."

Alex akarudi amefura. Angefanya nini? Mtani hakasirikiwi wala hanyang'anywi, hilo hata mtoto analijua. Mnunuzi akaondoka, akaahidi kurudi mwakani, masika yakiisha.

Lakini Anjelina alitaka kuimalizia mashine ya Bi Nasma, basi Consolata naye akaenda, kwa upole wake. "Shemeji, umeapa mpaka mashine itoe mafuta. Sasa Anjelina ataimalizaje, na meno ya kishikio umeyakalia wewe?"

Bakary akakuna kichwa. Maskini, hilo hakuliwaza! Kukirudisha hawezi, ameapa kaburini. Kukizuia nako ni kukuharibia kazi yako. Mwishowe akasema, "Shemeji, niachie mimi."

Kesho yake asubuhi tukasikia kengele ya baiskeli. Bakary huyo, na kishikio kwenye keria. Akakifunga mahali pake, akakaa juu ya ndoo kukilinda, na jioni akakifungua akaenda nacho kwake. Kesho yake vilevile. Mvua ikinyesha, anakuja na kishikio amekivika koti lake, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Na kutwa hakufunga mdomo: "Wee Anjelina, taratibu! Baba yako alikuwa mbishi, lakini mikono yake ilikuwa na adabu." Binti yako akacheka, akakereza. Yale yote uliyomfundisha alikuwa nayo.

Siku ya kuijaribu, tulijaza ufuta, tukazungusha mpini. Ufuta ukatokeza kama tope kwenye mianya iliyo kati ya vyuma vya pipa la kukamulia, mafuta hata tone. Tukaanza tena, hali ni ileile. Anjelina akaweka spana chini, uso ameugeuzia ukutani. "Si niliwaambia?" Alex akasema, lakini sauti yake haikuwa na furaha.

Consolata alikuwa mlangoni anasuka ukili wa mkeka wake. Akasema, tena kama anayekulaumu, "Na baba yenu angekuwepo, saa hizi angekuwa ameshaniibia ukindu wangu. Kila akitengeneza pipa lazima aje aniibie ukindu mmoja, na hasemi ni wa nini."

Anjelina akageuka. Akachukua ukindu mmoja mapajani kwa mama yake, akaupitisha kwenye mwanya. Ukapita bila kugusa popote. Basi ndicho kilikuwa kipimo chako, mwizi wewe! Mwanya unatakiwa uubane ukindu. Vyuma vikafunguliwa, vikasogezwa. Na aliyeshika spana upande wa pili alikuwa Alex, shati jeupe, hakuna aliyemwita.

Safari hii mafuta yalitoka. Yalianza kama jasho, yakawa uzi, yakaingia kwenye sufuria. Consolata alipiga kigelegele mpaka Lusia akaja mbio akidhani kuna harusi. Bakary akachovya kidole, akalamba. "Machungu kidogo, kama Wamakonde wenyewe. Lakini ni mafuta."

Mashine hiyo sasa iko Kilwa Masoko, inakamua. Bi Nasma anaisifu sokoni kila anapopata masikio, na wenzake wawili wametuma watu kuuliza za kwao.

Leo asubuhi, baada ya misa yako, tulimkuta mnunuzi anatungoja karakanani. Masika yameisha. Consolata akamtazama Alex, kwa kuwa hakuwa ametuambia lolote. Mara kengele ya baiskeli. Bakary alikuwa amevaa kanzu, na kishikio amekipaka grisi, amekifunga kwa khanga mpya ya mkewe.

"Mafuta nimeyaonja," alisema. "Haki yangu nimepata. Chukueni chuma chenu, na mtani wangu alale salama."  Hapo tulimwona analia kwa mara ya kwanza.

Alex alikipokea kwa mikono miwili. Mnunuzi akasogea. Alex akampita, akakirudisha kishikio kwenye keria ya baiskeli, akakaza mpira wa kufungia.

"Kaa nacho, Mzee Bakary," akasema. "Kesho uje mapema. Kuna kazi."

Hiyo ndiyo habari tuliyotaka uipate, Fundi.

Unakumbukwa na mkeo Consolata, ambaye siku hizi hukata ukindu wa ziada akauacha juu ya meza yako, watoto wako Alex na Anjelina, dada yako Helena wa Newala, Bi Nasma na wenzake wa Kilwa Masoko, jirani Lusia, na mtani wako Bakary, anayesema umemwachia kazi isiyo na likizo.

Daima tutakukumbuka. Na asubuhi ukisikia kengele ya baiskeli, usishtuke, ndiyo tunafungua.