Nyungunyungu wa Marehemu Mama

Tarehe 3 Februari

Kwako Baba,

Shikamoo. Sijui huko mnaamkaje, wala kama kuna mtu wa kukuuliza hali kabla ya kukuhesabu asubuhi, basi nakuuliza mimi: hujambo? Mgongo je? Mimi mzima, ila nina hasira, na hasira hii nimeirithi kwako, kwa hiyo usiniulize nimeitoa wapi.

Nimehamia nyumbani kwako tangu hukumu. Cherehani nimeiweka pale kilipokuwa kitanda cha marehemu mama, na mapazia ya watu nayashonea hapo hapo. Uliniagiza nikupe habari za nyungunyungu wake, wale minyoo wa mboji. Baba, wamekufa karibu wote. Nimefukua mabeseni kwa mikono nikakuta wazima kiganja kimoja tu, wamejikunja pembeni, chini kabisa. Nimewatandikia magazeti mapya, yaliyoloweshwa na kukamuliwa, kama mama alivyokuwa akifanya. Na nimewaingiza jikoni. Kule verandani kila mpita njia aliweza kufunua kifuniko. Humu ndani kuna kufuli.

Fundi Saa amerudi chini kwake kutoka hospitali. Jicho wameliondoa. Ni lile la kulia, analobandikia kioo cha kazi. Jana nilimwona ameketi mezani, saa ya mtu iko wazi mbele yake, anaitazama tu. Baba, si ungempiga ngumi basi! Ungemng'oa hata jino. Lakini uma wa kupindulia mboji, usoni mwa mtu? Nilipofika siku ile damu ilikuwa imeshuka ngazi hadi mlangoni kwake, na wewe bado unamfuata.

Mkewe akinikuta kwenye ngazi anatema mate. Mpaka sasa anatema chini.

Binti yako

Tarehe 19 Februari

Mwanangu Kichwa Ngumu,

Marahaba. Mgongo unauma, mdomo mzima. Huku tumerundikwa chumba kimoja mpaka mtu akigeuka lazima wote wageuke. Juzi mmoja alichukua blanketi langu. Blanketi limerudi, kipande cha sikio lake hakikurudi.

Unaniuliza kwa nini uma? Ndio uliokuwa mkononi. Naona umeanza kumhurumia, basi ngoja nikukumbushe. Yule bwana alilalamika mwaka mzima kwamba maji ya mboji yanamdondokea dirishani. Mwisho akaniambia pale ngazini, mbele za watu: "Siku moja nitawamwagia maji ya moto hao wadudu wako." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikaenda msibani, nikawaachia chakula cha kutosha. Narudi, nafunua kifuniko, mvuke unanipiga usoni! Nikatia mkono nikautoa mbio. Moto, mwanangu! Nyungunyungu wa mama yako wameiva.

Aliwaanza na kopo moja. Aliwalea mpaka siku anakufa, na mkono wake ule uliponishika mara ya mwisho ulikuwa na udongo wao kwenye kucha. Kitu cha mama yako kilichobaki kinapumua duniani ni wewe na wale. Ulitaka nifanye nini, nimwalike chai?

Kuhusu malezi: chumvi usiwape, ndimu usiwape, mabaki ya nyama ndiyo kabisa. Maganda ya mayai yaponde. Na ukiwa na safari, walundikie pumba, zinyunyizie maji, funika, nenda zako. Ndivyo nilivyofanya mimi, na hawakushinda njaa.

Naye Fundi Saa mwambie asilizoee sana lile jicho moja. Nikitoka nalifuata. Yule anayesoma barua hii kabla yako, nami namsalimu.

Baba yako

Tarehe 22 Machi

Kwako Baba,

Shikamoo, na pole na maisha ya huko. Usiucheke mwandiko. Ni wa mkono wa kushoto, maana wa kulia umevunjika.

Barua yako niliiacha juu ya cherehani. Mteja mmoja akaja kuchukua mapazia yake, akaisoma, na mdomo wake hauna mlango. Jioni ile ile mke wa Fundi Saa akapanda na mchi. "La pili? Mnataka na la pili?" Pigo la kwanza lilipasua mlango. La pili niliinua mkono kujikinga. Nilisikia mfupa ukilia kabla sijasikia maumivu. Pasi ilikuwa karibu, nami nikaichukua, ilikuwa bado kwenye moto, nikampiga nayo shavuni. Alilia kilio ambacho sikijui. Baba, nilitaka kurudia. Mkono mmoja unaning'inia na bado nilitaka kurudia.

Aliyetuamua ni Fundi Saa mwenyewe. Akamtoa mkewe, kisha akarudi, akachana kipande cha pazia akanifunga mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa upande ili anione vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikumwaga maji. Nilisema tu." Nikamwambia atoke.

Kesho naenda kwa shangazi nikauguze mkono. Nyungunyungu nimewalundikia pumba kama ulivyoagiza, gunia zima, nikazinyunyizia maji, nikafunika. Walikuwa wameshazaliana vizuri, ungefurahi. Mlango umetengenezwa, kufuli ni jipya, ufunguo ni mmoja na nimeuvaa shingoni.

Binti yako

Tarehe 2 Aprili

Kwako Baba,

Shikamoo. Hujanijibu, nami siwezi kungoja. Keti kwanza.

Nimerudi leo. Kufuli liko vile vile, dirisha limefungwa vile vile. Nikaingia jikoni, kunanuka. Nikafunua kifuniko, mvuke ukanipiga usoni. Nikatia mkono nikautoa mbio, kama wewe. Wameiva, Baba. Wa juu wote wameiva.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilichukua pasi, nikatoka, nikaanza kushuka ngazi. Nakuapia, nilikuwa nakwenda kuwaua wote wawili, mume na mke. Katikati ya ngazi ufunguo ukanigonga kifuani. Ufunguo mmoja. Nikasimama pale na pasi yangu mkononi. Nani aliingia?

Nikarudi nikafukua. Moto uko juu, kwenye zile pumba. Pembeni, chini kabisa, magazeti ni ya baridi, na huko ndiko walikokimbilia wachache waliopona. Vile vile kama mara ya kwanza. Angekuwa mtu kamwaga maji ya moto, si yangeshuka yakaua na wa chini? Nikaenda kumuuliza muuza mbegu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe pumba zikilowa zikalundikana zinachacha, na zikichacha zinapata moto zenyewe. Kiganja kimoja ni chakula. Gunia ni jiko.

Hakuna aliyemwaga maji, Baba. Uliwaua wewe kabla ya kwenda msibani, na mimi nimewaua kwa maagizo yako. Na mtu wa watu hana jicho.

Binti yako

Tarehe 30 Aprili

Wewe,

Salamu sina. Kwa yale maneno ya jicho walinifungia peke yangu gizani. Natoka nakuta barua zako mbili, ya kwanza mkono umevunjwa, ya pili unanihubiria pumba! Yule mwanamke amekuvunja mkono au kichwa? Kitambaa kimoja tu cha kukufungia kidonda, na tayari umenunuliwa!

Siku ile niliyoisoma ile ya mkono nilimpiga ukuta ngumi mpaka vidole viwili vikateguka. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpiga. Mimi nimelea nyungunyungu wakati wewe hujui kufunga kamba za viatu, leo muuza mbegu anifundishe? Mwache acheke. Na yeye zamu yake itafika.

Usiniandikie mpaka akili zikurudie.

Baba yako

Tarehe 9 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo, hata kama huitaki. Pole na vidole.

Nyungunyungu alilea mama. Wewe ulikuwa unawaita funza wake, mpaka alipokufa ndipo ukawapenda. Tusidanganyane sisi wawili.

Uliniambia huko unahudumia kuku wa gereza. Basi pumba zipo. Lundika, nyunyizia, funika, ngoja. Kisha tia mkono, ule ule ulioshika uma. Ukikuta baridi, mimi mwongo, na sitakusumbua tena. Ukikuta moto, utajua la kuniandikia.

Binti yako

Tarehe 27 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mkono umeunga? Unaweza kushika mkasi? Shangazi yako hajambo? Nakuuliza mengi ili nichelewe kufika kwenye jambo lenyewe.

Nimetia mkono.

Nilichagua pembe nyuma ya banda, hakuna anayefika ila mimi. Nikafunika kwa gunia. Nilipolifunua, mvuke ule ule ukanipiga usoni, harufu ile ile. Nikasema hapana, ni jua. Unanijua nilivyo mbishi. Nikalundika tena kivulini, na safari hii nilipotia mkono sikuutoa. Nikauacha humo nikamfikiria anavyopiga kelele pale ngazini, "Si mimi, jirani, si mimi," nami namchoma tena. Alisema hivyo, mwanangu. Sikukuambia. Nilimpiga mara ya pili baada ya kusema hivyo. Mfungwa mwenzangu aliyepita ndiye aliyeuvuta mkono wangu ukatoka kwenye pumba. Ngozi imetoka.

Usiku nasikia ile "si mimi" wazi kuliko nilivyoisikia siku yenyewe. Kuna mzee humu anayelala jirani yangu, alinitukana kwa sababu nalia. Nilimwacha anitukane.

Nakuomba kitu kimoja. Usimwambie. Najua kinakuwasha mdomoni. Uma niliushika mimi, na maneno nitayabeba mimi mpaka mlangoni kwake. Wewe nilindie waliobaki.

Baba yako

Tarehe 14 Machi, mwaka wa pili
Wodi ya wanaume

Mwanangu,

Umzima? Umekula? Naandika kwa sababu taya limefungwa waya, na wewe tangu jana umekaa hapo kitandani unanitazama kwa macho ya mama yako. Umetoka kwenda kuchukua uji, basi wacha nimalize kabla hujarudi.

Polisi nimewaandikia kwamba nilianguka ngazini. Nawe useme hivyo hivyo.

Nilipotolewa gerezani sikupanda kwako kwanza. Nilibisha kwake. Akafungua mkewe. Ile alama ya pasi shavuni nimeiona. Akapiga yowe akakimbilia ndani. Akatoka mwenyewe, amekinga uso kwa mkono, maana alidhani nimefuata la pili. Nikamwonyesha viganja, vitupu. Nikamweleza yote, pumba, msiba, banda la kuku. Alisikiliza kichwa upande mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo jicho langu limekwenda bure?"

Nikamwambia, "Bure."

Angekuwa na hatia kidogo ingemsaidia. Hata mimi ingenisaidia. Mchi ulikuwa nyuma ya mlango. Nilimwona anautazama, na mikono yangu, unaijua mikono yangu, ikataka kuwahi. Nikaiingiza mfukoni. Pigo la kwanza ni hili taya. La pili mbavu. La tatu alinikosa, maana kwa jicho moja mtu hapimi umbali sawasawa, likapasua mwimo wa mlango na mchi ukamtoka. Akaketi kizingitini akalia. Nami nikaketi kando yake. Damu ilikuwa mlangoni kwake tena, safari hii yangu. Mkewe ndiye aliyekuja kuniita mjinga na kunifunga kichwa na kanga yake.

Usimchukie. Na usishuke na pasi, nakujua.

Nikiwa pale chini niliinua macho nikaona umewarudisha nyungunyungu verandani. Umefanya vizuri, wanapenda hewa. Ukifika nyumbani wape maganda ya jana, na pumba kiganja kimoja tu. Kisha lile beseni la chini, la kukingia maji ya mboji, likague kila jioni, ulimwage kabla halijajaa. Yale maji yanamdondokea dirishani.

Baba yako