Stebilaiza ya Friji na Ngata ya Mama

Busia, upande wa Uganda

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepona? Na yule mbuzi mwekundu bado anakula kanga za watu? Mimi mzima, ila nimenenepa, maana huku ndizi unapakuliwa mpaka ukubali yaishe. Barua hii nampa dereva wa lori la mafuta ya alizeti aje nayo Singida. Nikipiga simu, Baba Mdogo huweka sauti kubwa na mtaa mzima unasikia mambo yangu. Isome peke yako.

Ulisema kazi ikinishinda nirudi, kitanda changu kipo. Mama, wiki iliyopita nilibakiza kidogo tu nije kukilalia.

Unajua nampigia Hajji Twaha video za sherehe. Nikisimama, picha safi. Nikitembea, inaruka. Video ya harusi ya mwezi jana, shangazi wa bibi harusi aliitazama kidogo akaomba ndoo. Hajji akaniita, na Kiswahili chake cha huku nilishakusimulia.

"Zuhura, picha yako naruka kama chura. Wewe nakwenda upande ya Kenya, naleta stebilaiza. Jumamosi tuko na kazi Mukuju. Na hiyo ikiruka, wewe narudi kwa mama yako."

Stebilaiza anayoitaka ni mkono wa kushikia kamera, mtu akiyumba kamera haiyumbi. Mimi nilikuwa nimeiona kwenye simu tu, lakini nikaitikia kama niliyezaliwa nayo. Nikavuka mpaka, nikaingia duka la kwanza lenye redio na nyaya mlangoni.

"Stebilaiza ipo?"

"Ziko. Ya nini, madam?"

"Ya kamera."

"Kamera ngapi? Inakaa ndani ama nje?"

"Moja. Nje, tena huko ni kuruka tu."

"Ah, kama kunaruka chukua hii kubwa. Hii inatuliza kabisa."

Nikanyanyua ndogo, nikanyanyua kubwa, nikachagua nzito. Kizito hakitikisiki, nilijiambia. Boksi nikaogopa kulifungua pale, nisije nikaonekana mshamba.

Jumamosi, Mukuju, nikalifungua mbele ya Hajji. Ndani mna sanduku la chuma lenye mshale na matundu ya kuchomekea plagi. Hajji akalitazama, akanitazama.

"Hii ni ya friji," akasema taratibu. Duka zima lilikuwa linaongea habari za umeme, mimi naongea habari za miguu yangu. Nilikwenda nyuma ya gari nikalia kidogo, sikufichi.

Huku upande wa bwana harusi walishajipanga kuingiza zawadi kwa wakwe, wanawake mbele, vikapu kichwani. Njia yenyewe inapita kwenye matuta ya muhogo. Nikawatazama. Miguu inazama mashimoni, vikapu juu vimetulia. Nikakukumbuka wewe na ndoo ya maji, unanifokea kisimani, "Magoti yalegee, shingo iache!" Nilivyokuwa nachukia siku zile. Nikafungua kanga kiunoni, nikasokota ngata, nikaweka kamera kichwani, nikaishika kwa mkono mmoja na kuingia kwenye foleni.

Mama, ungeniona. Nilitembea vizuri mpaka nikasahau kutoka kwenye foleni. Wanawake wa upande wa bibi harusi walikuwa wanapokea mizigo na kuipanga mkekani, mara nikahisi kichwa kimekuwa chepesi. Msomaji wa zawadi akatangaza, "Sukari, gunia moja. Mafuta ya kula. Na kamera, moja." Vigelegele vikapigwa. Mzee, baba wa bibi harusi, akasimama kushukuru, akisema wakwe wa namna hii hajawahi kuwaona.

Na zawadi ikishafika mkekani hairudi. Bwana harusi akamtazama Hajji, Hajji akanitazama mimi, mimi nikatazama ndizi zilizopangwa mkekani. Ndipo Hajji, Mungu ampe maisha marefu, akakimbilia garini, akarudi amekumbatia lile sanduku la chuma.

"Mzee, kamera ilikuwa naonyesha njia tu. Zawadi yenyewe ni hii. Nalinda friji."

Mzee akaligeuza. "Na mtu ambaye hana friji?"

Hajji akamtazama bwana harusi. "Friji nakuja," akasema.

Hivyo ndivyo kamera ilivyorudi. Bwana harusi hajatusalimia mpaka leo.

Jumatatu tukaitazama video. Kumbe kamera haikuzimwa hata kidogo. Kutoka lango mpaka mkekani, picha imetulia. Kisha kutoka mkekani, inaonekana shangazi mmoja anafunua kikapu na kuonja sukari. Hajji akarudia mara mbili.

"Hii mashini umenunua wapi?"

"Singida," nikamwambia.

"Iko ingine?"

Nikamjibu ipo moja tu, na goti linamsumbua.

Nisalimie Bibi anayekulelea kuku, na kaka Shabani fundi baiskeli. Baba Mdogo mpe salamu tu, habari ya friji usimpe.

Kitanda changu kitandue, Mama, uanikie karanga. Ila nitumie ile ngata yako kuukuu. Hii ya kanga inateleza, na Jumamosi nina harusi nyingine.

Mwanao uliyemfokea kisimani,
Zuhura