Vioo vya Gari la Kaka

3 Juni

Kaka,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mimi nachemka.

"Mwizi akizaa, ataiba kwa ajili ya wawili." Ndivyo ulivyoniandikia, ukaapa kwamba mdogo wetu Mchwa hatakanyaga gereji yako, hata kwa ile kazi niliyomwombea. Kisa? Ulikuja kumwona mtoto wake, ukala, ukatoka, ukakuta gari lako halina vioo vya pembeni. Ukaondoka unafoka, hukutaka kumsikiliza mtu.

Vioo viko chini ya kitanda cha mtoto! Mchwa alivifungua ulipokuwa unanawa mikono, akavifunga kwenye nepi safi, wenzake wa zamani wa wizi wasije wakavibeba. Vioo vya magari ya wageni wa mtaa huu siku hizi huvihifadhi hivyo. Kosa lake ni kusahau kukwambia: mtoto alicheua, naye akakimbilia kitambaa.

Juzi hao wenzake walimpigia mluzi dirishani. Akatokeza na binti begani. "Polepole, jamani! Ndiyo kwanza kalala." Wakacheka, wakaenda zao bila yeye.

Sisemi mtoto ni dawa. Wapo baba waliozidi kuiba kwa sababu ya maziwa. Mtoto humpa mtu sababu ya kuacha. Kazi ya kushika badala ya wizi hutoka kwa watu kama wewe. Vioo nakutumia.

Dada yako


19 Juni

Dada,

Marahaba. Huku salama, na wifi yako mbavu zinamuuma kwa kucheka. Vioo vimefika pamoja na skrubu zote. Mafundi wangu wakifungua kitu, lazima skrubu moja ipotee.

Lakini wateja watasema nimemweka fisi alinde bucha. Basi, aje Jumatatu. Afagie kwanza, tumtazame.

Kaka yako


24 Juni

Kaka,

Shikamoo tena. Nilipomsomea Mchwa barua yako alimrusha binti juu, akamdaka, akamrusha tena, hadi mama mtoto akamnyang'anya. Nyumba nzima ilikuwa vigelegele.

Lakini afagie? Fundi gani kati yenu anamshinda kwa mikono? Mnamtazama mpaka lini, hadi achoke kutazamwa?

Nakwambia wewe, na uwasomee wenye gereji wenzako wote wa barabara hiyo: Jumatatu asubuhi mpeni spana, si ufagio. Mpeni mbele ya wateja, mkimwita fundi, na mlipeni kama fundi.

Dada yenu