Debora Loji

Kikuyu, Dodoma
15 Machi 1998

Kwa Mama,

Shikamoo Mama. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima, na yale mafua ya wakati wa mvua yamekwisha. Sisi hapa hatujambo. Lea anakusalimu sana. Mimba inamsumbua asubuhi tu, mchana anakula udongo wa kichuguu akidhani simwoni.

Mama, nina jambo. Unajua niko na Bwana Ludovick, yule aliyepunguzwa wizarani akafungua kampuni yake ya utalii pale Area D. Sasa ameleta mitumbwi ya mpira. Anataka kuwashusha wageni Mto Ruaha kuanzia chini ya bwawa la Mtera, siku tatu, wakirushwarushwa na maji kwenye mawe kwa hiari yao na kwa kulipia. Usicheke, kuna watu wanaona ni raha. Mvua za El Nino zimejaza bwawa na maji yanayofunguliwa ni mengi, kwa hiyo anasema mwaka huu ndio wa kuanza.

Usiku wa pili watalala Ruaha Mbuyuni. Usiku wa kwanza hakuna pa kulala ila hapo Chilunda, na hapo Chilunda hakuna nyumba ya wageni ila yako. Nikamwambia, kwa mama mkwe wangu pana vyumba vizuri, wanalala wanunuzi wa samaki. Akauliza panaitwaje. Nikasema panaitwa kwa mama mkwe. Akasema mgeni hawezi kuandikiwa kwenye ratiba kwamba atalala kwa mama mkwe wa Thobias.

Naomba basi, kama utakubali, utupe na jina. Naona haya kukuomba kitu hata kwa barua. Ana kwa ana nisingeweza.

Ni mimi mkweo,
Thobias


Chilunda
2 Aprili 1998

Mkwe wangu Thobias,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mafua yamehamia kwa mdogo wangu Matonya. Mwambie Lea udongo aukaange kwanza. Nami niliula nilipokuwa na mimba yake.

Nimekubali. Hizi nyumba walizoacha mafundi wa bwawa nilizikodi watu wakinicheka, kwamba mwalimu wa ngumbaru ataweza biashara gani. Sasa ni ruksa kila mtu ahangaike na lake, ngoja na mimi nipokee wageni wa mpira. Niambie wanakula nini. Samaki wapo, mlenda upo, mablanketi nitaazima misheni.

Kuhusu jina, Matonya anataka tuite Hoteli ya Simba, na simba hapa hayupo. Nimeamua liwe jina langu, Debora Loji. Tangu mume wangu afariki hakuna anayeniita hivyo, ni Mama Lea asubuhi na Mama Lea jioni, mpaka nimeanza kulisahau. Najua wewe hulitaji jina la mkweo. Liandike tu, karatasi haina ukwe.

Siku hiyo hutalala chini ya paa langu, utalala kwa Matonya, na chakula atakuletea yeye. Mimi nitakuwa jikoni na hutaniona.

Mkweo,
Mama Lea


Kikuyu, Dodoma
26 Aprili 1998

Kwa Mama,

Shikamoo. Tunashukuru kwa jibu lako, hapa sote wazima. Bwana Ludovick amelipenda jina. Wageni ni wanne, wanatoka Dar es Salaam, na safari ni Jumamosi tarehe 13 Juni. Wanakula samaki. Mlenda sijui.

Mazoezi tunafanyia uani Area D. Mtumbwi umekaa kwenye vumbi, sisi tumekaa juu yake tumevaa majaketi ya kuelea, tunapiga makasia hewani, na majirani wanatuchungulia juu ya ukuta. Nyuma anakaa Halfani, aliyefanya kazi hii Zambezi. Mbele nimewekwa mimi, kwa sababu ndimi ninayepafahamu kwako. Halfani anasema maji yakishaanza kunguruma kila mtu atakuwa anapiga kelele yake, pale, huku, angalia, na hakuna atakayemsikiliza mwenzake. Kwa hiyo anayekaa mbele akiona gati anaita jina la pahali, neno moja, na wote wanavuta kwenda ukingoni.

Neno lenyewe ndilo hilo jina lako. Ikifika zamu yangu nanyamaza. Juzi nilisema "kwa mkwe", wakacheka mpaka wakaangusha makasia. Naona haya kuwaeleza sababu, wataniona mshamba niliyekuja mjini na mila zangu mgongoni. Na kulitaja naona haya zaidi. Lakini usiwe na wasiwasi, siku ikifika nitajua la kufanya.

Mkweo,
Thobias


Chilunda
17 Mei 1998

Mkwe wangu,

Hatujambo. Matonya amechora kibao kwa rangi nyekundu, kinaonekana kutoka mbali. Vitanda viko tayari.

Naandika kwa jambo moja. Chini kidogo ya gati letu mto unabana, na katikati pana jiwe kubwa. Mkipitiliza hapa hamrudi. Jifunze kulitaja jina langu. Nimekuruhusu, na nimesema hivyo mbele ya Matonya awe shahidi. Kama huwezi kwa ajili yangu, litaje kwa ajili ya wageni.

Mama Lea


Chilunda
28 Juni 1998

Mkwe wangu Thobias,

Habari za tangu siku ile? Sisi tupo. Nilingoja barua yako nikaona haiji, nikasema niandike mimi.

Hakuna aliyekufa, kwa hilo tumshukuru Mungu. Yule mama mgeni aliyevunjika mkono walimpitisha hospitali ya misheni akafungwa plasta. Mtumbwi Matonya aliukuta mbali huko chini umepasuka. Watu hapa wanauliza ilikuwaje mtumbwi ukapita mbele ya kibao bila mtu kuita, ukaenda kupindukia kwenye jiwe. Nawaambia maji yalikuwa makali.

Wewe uliondoka nyuma ya gari la Bwana Ludovick umejifunika kitenge changu mpaka usoni, hukuaga mtu. Sikulaumu. Nataka tu kujua kama ulifika salama, na kama unakula.

Mkweo,
Mama Lea


Chilunda
2 Agosti 1998

Thobias,

Lea amefika jana kujifungulia kwetu, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza. Ameshuka kwenye lori la samaki peke yake, tumbo mbele, sanduku kichwani. Mume ndiye humleta mkewe. Nilikuwa nimekwisha kujificha jikoni nikidhani uko nyuma yake.

Anasema ulimsindikiza hadi stendi ukarudi. Anasema mwezi mzima hujaongea maneno ya kujaza kikombe. Nilipomuuliza kisa akaniambia, Mama, anaona haya. Nikamwambia najua. Ila haya ina mwisho, na mtoto haahirishwi.

Mama Lea


Chilunda
19 Agosti 1998

Thobias,

Lea amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima. Jina hutoa baba, kwa hiyo kwa sasa tunamwita Mtoto.

Mama Lea


Kikuyu, Dodoma
6 Septemba 1998

Mama,

Shikamoo. Namshukuru Mungu kwa Lea na kwa mtoto, na nakushukuru wewe kwa kuwatunza. Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana.

Nilikiona kibao. Nilikiona kabla ya mtu yeyote. Halfani alikuwa ananitazama mimi, na mikono ya wote iko tayari kwenye makasia. Nikafungua mdomo. Ulikuwa umeniruhusu, Matonya shahidi, na barua yako nilikuwa nayo mfukoni nimeifunga kwenye nailoni. Nikasema, pale, pale. Kila mtu alikuwa anasema kitu. Kibao kikapita ubavuni kwangu na bado sikulitaja. Yule mama amevunjika mkono kwa sababu mimi niliona haya.

Kisha tukapinduka. Maji yalinizungusha yakanirudisha ukingoni chini ya gati lako, kamba ikanizonga mguu kwenye mizizi, kaptula ya kuazima ikaenda zake. Nikabaki na jaketi kifuani na chini sina kitu, maji yananipita juu ya kichwa. Hapo ndipo nilipokuita. Nilikuita jina lako, kwa nguvu zangu zote, bila kujali nani anasikia. Lilinishinda kwa ajili ya wageni, likanitoka kwa ajili ya roho yangu mwenyewe. Hilo ndilo linalonitafuna, kuliko hata uchi.

Ukaingia majini na kisu cha vitunguu ukakata kamba. Ukanishika kwa mikono yako. Ukanifunga kitenge chako kiunoni kama mtoto. Mkwe wangu, mimi nilikuwa hata kikombe sipokei mkononi mwako.

Bwana Ludovick aliniuliza mbele ya wote kwa nini sikuita. Nikasema nilisahau. Amenifukuza, na ana haki. Sasa nafyatua matofali.

Desturi inataka mbuzi na shuka kwa mkwe aliyevunjiwa heshima. Nitampa Matonya akija mjini. Mimi mwenyewe sitakanyaga Chilunda. Lea akipata nguvu nitampokea stendi. Jina la mtoto mpe wewe, mimi sistahili.

Thobias


Chilunda
20 Septemba 1998

Thobias, baba yangu,

Sisi wazima. Mtoto ananyonya kama ana ugomvi na mtu. Masikio ni yako.

Nimeona hukuandika kwamba wewe ni mkwe wangu. Sawa. Umesema yako, sasa soma na yangu, maana kuna jambo hulijui, nami naliona haya.

Siku ile niliposikia kelele nilitoka jikoni mbio na kisu mkononi, nikafika gatini kabla ya watu wengine. Wanaume wote walikuwa wamekimbilia kule kwenye jiwe kuwatoa wageni. Aliyekuwa karibu nawe ni mimi peke yangu. Nikaona kichwa chako kinazama na kuibuka. Nikaona na nguo huna. Unajua nilifanya nini? Niligeuka. Nilikupa mgongo, nikafunika uso kwa ncha ya kitenge, nikaanza kumwita Matonya. Mume wa mwanangu anakufa maji, nami nimesimama natazama ukuta wa nyumba nikilinda heshima.

Wewe umesahau, lakini uliniita Mama kwanza. Nilikusikia vizuri kabisa na sikugeuka. Aliyeitwa Mama alikuwa mkwe, na mkwe hana ruhusa ya kukuona ulivyokuwa. Nikaendelea kumwita Matonya, na Matonya hasikii.

Ndipo ukaita Debora. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama marehemu mume wangu ananiita nimshikie ngazi. Miguu iligeuka yenyewe. Nilipofika ndani ya maji nilikuwa sikumbuki kwamba nina mkwe.

Kwa hiyo usiniletee toba kwa ajili ya jina hilo. Usingelitaja, leo Lea angekuwa mjane na mimi ningekuwa na heshima yangu yote. Kila nikimwogesha mtoto huyu nakumbuka ule ukuta wa nyumba. Nilitaka kukuandikia tangu Juni, nikawa naandika habari za mtumbwi na lori la samaki.

Ya yule mama mgeni ni yako, hiyo siwezi kukubebea. Mtafute umwandikie. Na Bwana Ludovick mwambie kwamba hukusahau. Mwambie kweli, akicheka acha acheke.

Mbuzi mlete, tutamla. Shuka usilete. Na jina la mtoto silitoi, kazi hiyo si yangu. Anaitwa Mtoto mpaka sasa, na watu kanisani wameanza kuuliza.

Mama yako,
Debora


Kikuyu, Dodoma
4 Oktoba 1998

Mama,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi sijambo, mikono tu imechubuka kwa udongo.

Nimekwenda Area D nikamweleza Bwana Ludovick. Hakucheka. Alisema kwamba hata kwao mtu hataji jina la mama mkwe wake, na kwamba ningemwambia tangu tukiwa uani wangechagua neno lingine la kuitia gati, hata "samaki" lingetosha. Nilikosa pa kuweka uso. Miezi yote ile nilimficha mtu ambaye angenielewa kwa dakika moja. Kazi hakunirudishia na sikumwomba. Amenipa anwani ya yule mama, nimemwandikia, sijui kama atajibu.

Nilisoma habari ya ukuta wa nyumba. Sina la kukusamehe, lakini kwa kuwa umeona haya ukaniambia, nami nakuambia kwamba ningekuwa wewe ningegeuka vilevile, na sidhani ningerudi.

Nakuja Jumamosi na lori la samaki. Mbuzi nitamnunua njiani. Sitakudanganya, haya bado ninayo, nikilifikiria lile gati masikio yanawaka moto. Hata hivyo naomba usijifiche jikoni. Chai uilete mwenyewe, nitaipokea mkononi mwako.

Mtoto aitwe Debora. Lea atauliza nitamwitaje mwanangu jina nisiloweza kulitamka. Mwambie nimeanza mazoezi. Kila jioni nikitoka kwenye matofali nafunga mlango nalisema peke yangu, mwanzo kwa kunong'ona, sasa kwa sauti. Jana jirani wa chumba cha pili amegonga ukuta akauliza huyo Debora ninayemwita kila siku ni nani. Nikamwambia ni mama yangu, na tangu mwezi wa nane ni binti yangu pia.

Mwanao,
Thobias