Fimbo Namba Tano, Mshipi Namba Nane

Njombe, huku juu kwenye baridi

Mke wangu Mama Anjelina,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa mmoja ndio unaoandika na mwingine uko kwapani unatafuta joto. Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Dagaa wanakauka, au mvua inawageuza supu juu ya chanja? Mimi nipo, na meno yangu saba yapo, yanakusalimu kwa kugongana.

Simu naijua, usinigombeze. Lakini ukipiga unaniuliza nimekula nini, halafu salio linakata kabla sijamaliza kudanganya. Jambo hili linataka karatasi.

Unajua nalinda lango usiku na kulala mchana kwenye kibanda cha mabati ambacho hata mbuzi angeandika barua ya kuacha kazi. Basi Mama Bosi, mwenye shamba hili na vyumba vya wageni, akatangaza kwamba anataka mtu wa mtoni, wa kutembea mchana na wageni wanaokuja kuvua trauti, wale samaki ambao wazungu waliwamwaga kwenye mito ya huku zamani. Mtu huyo atapewa kile chumba cha matofali chenye bomba la moshi, akae na mkewe. Niliposikia "na mkewe" nikanyoosha mkono kabla hajafika nukta.

"Umewahi kuvua, Mzee Haule?"

"Mama, mimi ni mtu wa ziwani. Nilivua kabla sijaota meno."

"Kwa nzi?"

Nikasema ndiyo. Nilidhani anataja chambo.

Mke wangu, si chambo! Ni manyoya ya jogoo yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo ili samaki adhani ni nzi. Tena chubwi la kuizamisha hakuna. Ndoana yenyewe haina uzito wa kwenda popote. Kinachoibeba ni mshipi, mnene kama kamba ya kiatu, unaoupunga hewani mbele na nyuma kama mtu anayefukuza nyuki. Mtume Petro angeambiwa avue hivi, angemkana Bwana mara ya nne.

Nikapewa wiki tatu za kujifunza, na vyombo nitafute mwenyewe, maana vya wageni haviguswi na mwanafunzi.

Mwalimu wangu ni Mzee Mlowe wa bustani, Mbena wa Lupembe, aliyewabebea wavuvi wa kizungu mikoba enzi za ujana wake na tangu siku hiyo hajanyamaza.

"Sikiliza, we mtu wa ziwani," akaniambia. "Fimbo nunua ya kadiri, namba tano. Kigurudumu ni cha kukunjia mshipi tu, hata kikiwa kibovu. Pesa yako iweke kwenye mshipi. Na namba zilingane."

"Zilingane kwa nini, zinaoana?"

"Zinaoana. Na wewe usiwe mshenga wa ovyo."

Mwenye duka mmoja hapa mjini akanionyesha kwenye simu seti nzima ya kuagiza. Alipotaja bei nikamuuliza kama inakuja na ng'ombe. Nikapanda gari kwenda Makambako, kwenye marundo ya mitumba, na huko nikaikuta fimbo, vipande vinne, imelala kati ya mashuka.

"Hii nini, mama?"

"Bomba la pazia, baba. La kisasa."

"Na hivi vipete vidogo?"

"Vya kupitishia pazia."

"Pazia la panya?"

Akacheka mpaka akanipunguzia. Ilikuwa na chapa ya tano. Hapo ningeshika njia nirudi, lakini jirani yake alikuwa na kigurudumu kinachong'aa, ukikizungusha kinaimba krrr. Nilikinunua kwa ajili ya sauti, nakiri. Hela iliyobaki ikatosha mshipi mmoja tu, wa mwisho mezani, umeandikwa nane.

Sasa usinicheke. Wewe mwenyewe unajua ndoana: namba ikipanda, ndoana inapungua. Kumi na sita ni ndogo kuliko nane. Nimevua kwa hesabu hiyo maisha yangu yote. Nikasema nane ni mwembamba kuliko tano, afadhali, samaki hatauona.

Mzee Mlowe alipouona alikaa chini kwenye kabichi zake.

"Haule! Mishipi inakwenda kinyume! Nane ndio mnene. Umemtwika mbuzi mzigo wa punda!"

"Nani alipanga ndoana ziende huku na mishipi iende kule?"

"Si mimi."

"Basi alikuwa amelewa ulanzi, na angekuwa hapa ningempiga kwa bomba la pazia."

Wiki tatu nimepunga. Fimbo ilikuwa inainama kama mzee anayetafuta shilingi. Nimevua kofia yangu, nimevua koti la Mlowe, nimevua bata wa Mama Bosi, na yule bata alikuwa mzito kuliko trauti wote wa Njombe. Nilikasirika mpaka nikataka kuwashia moto vyombo vyote, angalau nipate joto.

Juzi ndiyo siku ya mtihani. Mama Bosi amekaa ukingoni na chupa ya chai. Nikarusha, mshipi ukanizunguka shingoni kama shanga. Nikarusha tena, ukashika kichaka. Akatazama saa. Nikaona kile chumba kinaondoka na bomba lake la moshi.

Basi, kwa kuwa vichaka vilinibana, nikaukunja mshipi, nikabakiza pima tatu tu nje. Nikapunga. Fimbo ikasimama! Kumbe mshipi mzito ukiwa mfupi, uzito wake ni kama mwepesi ulio mrefu.

"Hapo hapo!" Mlowe akapiga kelele. "Usitoe hata inchi!"

Nzi wa manyoya akatua majini taratibu. Trauti akamdaka. Mdogo, kama kiganja chako, lakini nilimtoa. Nikaokota jiwe nimmalize.

"Mrudishe," akasema Mama Bosi.

"Wapi?"

"Majini."

"Mama, huyu nimemvua."

"Nimeona. Sasa mrudishe."

Nikamtazama Mlowe, Mlowe akatazama mawingu. Wiki tatu, mke wangu! Nikamrudisha, akaondoka bila hata kuaga. Mama Bosi akafunga chupa yake: "Jumatatu uanze mchana. Ufunguo wa chumba uko kwa mpishi."

Ufunguo ninao. Moshi unapanda vizuri, nimejaribu. Kitanda ni kimoja, kipana.

Msalimie mdogo wangu Lukasi mwenye mtumbwi, ila habari ya manyoya usimsomee. Mwambie navua, basi. Msalimie mkwe wetu Sesilia na mtoto mgongoni. Na dada yako Koleta anayesema nilikuja huku kutafuta mke wa Kibena, mwambie hawanitaki, nimeuliza.

Dereva aliyekuletea barua hii anapanda tena Ijumaa. Mpe jibu la neno moja, naja au siji. Ukiandika siji usieleze sababu, maana sababu zako huwa za kweli.

Ni mimi mumeo, ninayelala upande wa ukutani ili nafasi yako ibaki,

Baba Anjelina