Majina Yaliyotajwa Kisimani

Garsen, 3 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na Mama anasema mahindi ya shamba letu la Kilelengwani yanapendeza. Wewe na wenzako hamjambo? Mama ataipiga picha barua hii akutumie, kwa hiyo nimejitahidi mwandiko.

Baba, sikujua kazi yako ni kubwa hivi. Mwalimu Janet ametufundisha jinsi jeshi linavyoingia nchi ya wengine: serikali ya huko iombe, au Baraza la Usalama liamue, au nchi iwe inajilinda. Niliitazama ramani mpaka kengele ikalia. Watu wachache wanaketi mezani mbali huko, mikono inainuliwa, na baba yangu anafunga mkoba wake hapa Garsen.

Kisha Nimo, mwenzangu wa dawati, akauliza, “Mwalimu, na bibi yangu aliombwa ruhusa na nani?” Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema, “Swali hilo, Nimo, hata wakubwa hulikwepa.”

Bibi huyo, mzaa baba yake, ni Bi Kafia. Anakaa mji ulio karibu na kambi yenu. Tangu mapigano ya juzi simu yake haiingii. Mzee Abdiwahid, baba yake Nimo, yule muuza mbuzi, anataka kuvuka mpaka akamtafute. Mama yake Nimo halali. Unaweza kumwulizia?

Mwanao,
Kanze

*

Kambini, 20 Juni

Mwanangu Kanze,

Marahaba. Mimi mzima, ila joto la huku halina mto wa kulipoza.

Nimemwulizia. Nilifika kisimani na lori la maji, mkalimani kando yangu, bunduki begani. Nikauliza Bi Kafia anakaa wapi. Hakuna anayemjua. Mtoto mmoja alianza kunyoosha kidole, mama yake akamshusha mkono.

Mwambie Abdiwahid asivuke. Barabara imetegwa mabomu.

Babako,
Kitsao

*

Garsen, 1 Julai

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini joto limepungua. Nimo amesoma barua yako akacheka, mara ya kwanza tangu simu ikatike. “Babako ameuliza kama polisi. Askari akitaja jina la mtu, nani atamjibu?”

Anasema kwao mtu hujulikana kwa majina ya baba zake, na mtoto huyakariri kabla hajaanza shule. Alinitajia yake pale bombani bila kupumua: Nimo, Abdiwahid, Abdullahi, Warsame, Guleed, Rooble, Samatar, Hirsi, na bado anaendelea. Baba, nilisahau ndoo ikamwagika. Alikuwa anarudi nyuma, jina kwa jina, hadi wakati ambapo ule mpaka haukuwa umechorwa kwenye ramani yoyote.

Weka bunduki kando, uyataje majina hayo kuanzia kwa Nimo. Mzee Abdiwahid amekubali kungoja jibu lako.

Mwanao,
Kanze

*

Garsen, 18 Agosti

Baba,

Shikamoo. Hujambo? Mama anasema ujumbe wake haujafika kwako, na redio imetaja mapigano tena. Mzee Abdiwahid ameshafunga nguo zake. Nimo haniulizi kitu siku hizi, ananitazama tu nikiingia darasani mikono mitupu.

Andika hata mstari mmoja.

Kanze wako

*

Kambini, 2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Ni mzima. Mtandao ulikatwa, na hatukuruhusiwa kutoka.

Jana mkubwa wangu aliniruhusu kurudi kisimani. Bunduki niliwaachia wenzangu kwenye lori, mbali kidogo, nikasimama na mkalimani nyuma ya ngamia, mahali mgeni hungojea zamu yake ya maji. Nikaanza kwa Nimo. Watu wakaacha kuvuta maji. Kwa Samatar nikakwama. Jina lililofuata likatoka upande wa pili wa ngamia, sauti ya mwanamke mzee. Kisha lingine, na lingine, mpaka kwa watu ambao hata Nimo hakukutajia. Nilivua kofia, Kanze. Sijui kwa nini.

Alipomaliza akauliza, “Na wewe?”

Nikamwambia: Kitsao wa Tsuma wa Kitsao wa Tsuma wa Kitsao. Wanawake wakavunjika mbavu. “Maskini, ana mababu wawili tu, wanapokezana.” Nikaeleza kwamba kwetu Wagiriama mtoto hupewa jina la babu yake. Mwanamke huyo mzee ndiye Bi Kafia.

“Basi wewe na wote hao karibuni,” akasema. “Lori libaki pale pale.”

Anasema Abdiwahid akae na mbuzi wake. Na Mwalimu Janet umwambie kuwa nimekaa nchi hii zaidi ya mwaka, lakini nimeingia jana tu.

Babako,
Kitsao wa Tsuma wa Kitsao